Vichuguu vya Samaki, Ukuta wa Baba Yako

Gwakisa mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka ule ndizi za kushibisha watu watatu. Kwa hiyo nina muda. Jua bado liko juu, vyungu vimepangwa nje vinakauka, nami nimekaa mlangoni na karatasi zako za shule na kipande cha kalamu ya risasi. Mwandiko wangu unaujua, unafanana na njia ya konokono. Usinicheke. Soma mpaka mwisho, na ukikasirika katikati ndipo usome zaidi.

Sitakuambia ufunike chakula, wala usilale kwa watu usiowajua, wala usinywe maji ya madimbwi. Hayo nimekuambia tangu ulipoanza kutembea na hukusikia hata moja. Jambo langu leo ni moja tu. Naujua mkuki.

Mkuki wa babu yako umeuficha kwenye paa la banda la vyungu, upande wa mlimani, umeuviringisha kwa magome ya mgomba. Siku tatu umeunoa kwenye jiwe langu la kusagia udongo. Ala! Ulidhani mimi mfinyanzi sitalijua jiwe langu likiwa na mikwaruzo ya chuma? Mtu anayekwenda boma kutafuta ukarani hanoi mkuki. Na njia ya kwenda boma inapita Makwale, na Makwale anakaa Anyimike, ndugu wa baba yako, analima mpunga wake. Kesho alfajiri unakwenda kumuua.

Sishangai, maana mimi ndiye niliyekuwasha. Ulipokuwa mdogo ukililia baba, nilikupakata nikakuambia maneno yaleyale kila mara, kwamba Anyimike alimbomolea baba yako nyumba kwa wivu, kisha akamchoma mkuki. Nilikuimbia hivyo mpaka ukalala. Sasa sikiliza. Mkuki alimchoma, hilo ni kweli. Nyumba hakubomoa. Nitakuambia aliyebomoa, ila niache nianzie majini, maana uovu ule nilijifunzia majini.

Nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kuloweka udongo. Mama alichimba, mimi nikaupeleka pwani ya ziwa nikaukanda kwa miguu, maji yakinifika magotini. Maji ya kwetu unayajua, asubuhi kabla ya upepo unaona hadi kokoto iliyo chini. Pale ndipo walipokuwa samaki wa namna mbili ambao mtu asiyekulia pwani, wa Ngonga au Busale, atakuapia ni namna moja. Majike yao ukiwalaza kiganjani hata mimi siwatofautishi, wote wana rangi ya mchanga na doa moja ubavuni. Ukitaka kujua nani ni nani, yatazame madume yakitaka mke. Dume la namna ya kwanza hujenga kichuguu. Huchota mchanga kwa mdomo, funda mojamoja, kutwa nzima, mpaka kichuguu kinakaribia goti, na juu amekilaza sawasawa ili apate pa kumpokelea jike. La namna ya pili hachoti kujenga, huchimba. Hutoa mchanga akautupa pembeni mpaka anapata shimo la mviringo, safi, utadhani limefinyangwa. Jike wa kichuguu hashuki shimoni, na jike wa shimo hapandi kichuguu. Kila mmoja anajua mlango wa kwao.

Madume haya siku hizo huwa ya bluu iliyokolea, na uso mweusi. Hujenga karibu karibu, na kila mmoja ni mwizi, jirani akigeuka tu anamwibia mchanga. Jike akipita, yote hutetemeka na kujipinda. Akikubali, hushuka juu ya kichuguu cha mmoja, huzunguka naye, hutaga yai, hugeuka akaliokota mdomoni kabla halijatulia. Kisha huyo, anaondoka na mayai yake, na dume analiacha na mchanga wake. Wiki tatu hali kitu. Anakonda mpaka anabaki kichwa, mdomo umejaa watoto, na ukimfukuza hatemi.

Mimi nilikuwa na fimbo. Nilingoja dume aende kumfukuza mgeni, kisha nikasawazisha kichuguu chake kwa fimbo, nikasimama kimya. Anarudi. Anazunguka mahali pale mara moja, anazunguka mara ya pili. Mimi hanitazami, kwake mimi ni miguu miwili tu, ni miti imesimama majini. Anamwendea jirani. Loo! Walishikana midomo, wakachanana mapezi, magamba yakametameta majini. Siku moja mmoja alimng'oa mwenzake jicho. Yule aliyeng'olewa akaelea ubavu ubavu mpaka ndege mdiria akashuka akamchukua. Nilicheka mpaka nikakaa kitako majini. Mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia samaki wanapigana. Hakuniuliza nani kawachokoza.

Nilidhani nimejua siri ya madume wote wa dunia hii. Aliyebomolewa hamtafuti mbomoaji, humwendea yule ambaye tayari anamwonea wivu. Na nilikuwa nimeijua kweli, hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwapenda samaki hao. Unakumbuka yule mmoja, ulipokuwa na miaka mitano? Alichimba shimo kwanza, shimo zuri kabisa, kisha alipolimaliza akaanza kujaza mchanga na kujenga kichuguu palepale. Ulinivuta nguo, siku hizo mama ulimwita juba. "Juba, huyu amechanganyikiwa?" Bibi yako akasema kwamba mama yake samaki yule alikosea mlango. Watoto wa pwani wakakuita wewe kwa jina la samaki yule, kwa kuwa baba yako alikuwa Mnyakyusa wa Ngonga na mama yako Mkisi wa vyungu. Ukamtia mmoja jiwe la mdomo, meno mawili yakatoka na damu yake. Mama yake alipokuja akipiga kelele nilikuficha ndani ya mtungi wa pombe, nami nikacheka. Ona nilivyokuwa nikicheka damu ya watu. Kila siku ulikwenda kutazama kama yule samaki amepata mke. Siku moja ukaja mbio, maji yanakuchuruzika, "Juba, amempata! Juba, njoo!" Sikwenda, nilikuwa na vyungu motoni. Najuta mpaka leo kwamba sikwenda.

Sasa baba yako.

Lusekelo na Anyimike walikuwa wana wa baba mmoja, mama mbalimbali. Kule Ngonga vijana wa rika moja huhama kwa wazazi wakajenga kijiji chao wenyewe, na hao wawili walijenga mlango kwa mlango. Walikuja kwetu na mahindi kutaka vyungu. Bei yetu unaijua, unakijaza chungu nafaka, nafaka inabaki, chungu kinakwenda. Baba yako alijaza mpaka mahindi yakamwagika miguuni mwangu, akajitia hamnazo, akatazama milima. Anyimike alikigonga chungu changu kwa kidole, akasikiliza, akasema mbele ya mama, "Dada, hiki kina ufa." Na kweli kilikuwa nao, nilikuwa nimeuficha kwa kusugua. Nikamchukia siku ileile.

Wote wawili walinitaka. Anyimike kwa maneno, hadharani, bila haya. Baba yako kwa vicheko. Nilimpenda baba yako, Gwakisa, hilo usilitilie shaka. Nilipenda hata namna alivyokuwa akipiga chafya, mara tatu, kisha akamshukuru Kyala, Mungu wao, kwa sauti. Wakati wa kulima nilikwenda Ngonga na shangazi yangu kuuza vyungu, tukakaa mwezi mzima, nami nikawa naingia nyumbani kwake watu wasione. Wewe ulianza huko.

Nyumba yake! Hakuna nyumba kama ile siku hizi, watu mmekuwa wavivu. Mianzi ilisimama imenyooka, na katikati ya mianzi alipanga vidonge vya udongo, kimoja kimoja, vya mviringo, kavifinyanga kwa mikono yake. Ukuta wa mbele aliupaka mistari, nyekundu na nyeupe na nyeusi. Miezi miwili alikaa na ukuta ule. Na mimi mfinyanzi nilisimama mbele yake nikakosa la kukosoa, na unanijua.

Lakini hakuharakisha. Nikimwuliza ng'ombe wa mahari, kesho. Nikimwambia Anyimike ananisumbua, anacheka. "Mwache aseme, Bupe. Mdomo ni wake." Anyimike alinitania mbele yake kisimani, akaniambia nyumba yake ni ndefu kuliko ya Lusekelo na mlango wake hauingizi mvua, na baba yako akacheka pamoja naye. Nikaumia. Nikajiambia huyu hanipendi, mwanamume anayependa huwaka. Ulikuwa ujinga wa msichana aliyekulia kwenye vichuguu. Nilitaka nimwone akiwaka kwa ajili yangu, mara moja tu, basi.

Siku moja vijana wote walikwenda kulima shamba la baba yake Lusekelo. Ilikuwa mchana, wanawake wachache waliobaki wako kisimani, kijiji kitupu, kuku tu wanaparua. Nikachukua mchi wa kinu wa shangazi. Nilianza na vidonge vya mstari wa chini, nikavisukuma vikaingia ndani, na ukuta wa mbele ukateremka wenyewe, mianzi ikapasuka, mistari yake yote ikawa kifusi. Kazi ya miezi miwili, nami sikuchukua hata muda wa kuchemsha ndizi. Nikarudisha mchi kinuni, nikanawa mikono, na shangazi aliporudi nikakaa naye kumenya ndizi. Moyo ulinidunda kwa raha. Kwa raha, mwanangu. Sina neno jingine la kukudanganyia.

Wakarudi. Baba yako alikuwa mbele na mundu mkononi, amekuja akiimba. Akauona ukuta, akanyamaza. Akaizunguka nyumba yake mara moja. Akaizunguka mara ya pili. Ndipo raha yote ikaniisha, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuuona mzunguko ule. Mimi hakunitazama kabisa.

"Anyimike! Umenibomolea!"

Anyimike alikuwa ameinama ananawa miguu. Akainua uso. "Nimekubomolea nini?"

Mundu ulimkata sikio likaning'inia, ukapita shavuni mpaka nikaona meno yake ya ndani. Pigo la pili alilizuia kwa mkono, nao mkono ukafunguka hadi mfupa. Wanawake walipiga yowe, kijana mmoja alijaribu kumshika baba yako kiunoni akatupwa ukutani. Anyimike alijirusha ndani ya nyumba yake, akatoka na mkuki, damu inamtiririka kifuani. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema, "Lusekelo, simama. Ndugu yangu, simama hapo hapo." Hakusimama. Alimwendea ameinua mundu, na mkuki ukamwingia chini ya mbavu, ukatokea mgongoni.

Alitembea nao hatua tatu. Akakaa chini penye kifusi cha ukuta wake, akaokota kidonge kimoja cha udongo, akawa anakigeuzageuza kama anatafuta mahali kilipotoka. Damu ilimjaa mapajani. Damu ya mtu ni nyingi, Gwakisa, wanaonoa mikuki hawaambiwi hivyo. Ililowanisha vidonge, ikavirudisha kuwa matope, nami nilikuwa nimepiga magoti ndani yake nimemshika kichwa, na bado akanitabasamia, akaniambia, "Umeona alichonifanyia?" Akafa akiamini hivyo.

Kati ya "Umenibomolea" na mundu ule wa kwanza palikuwa na nafasi ya kusema "Ni mimi." Maneno mawili. Nilikuwa nimeshika ndizi moja mkononi na kisu mkono wa pili. Sikuyasema.

Ungedhani yameishia hapo. Wazee walikaa siku ya tatu baada ya mazishi. Swali lao lilikuwa moja, nani alibomoa ukuta? Kama ni Anyimike, basi yeye ndiye aliyeanza, na damu ni yake. Kama si yeye, alivamiwa akajitetea, ng'ombe watolewe, watu watakaswe, ndugu walie pamoja. Anyimike aliletwa uso umefungwa majani ya mgomba, hawezi kutamka sawasawa. Akasema, "Sikubomoa." Akasema tena, "Sikubomoa." Wakatugeukia sisi wanawake tuliobaki kijijini. Mama wa baba yako alinitazama. Mimi nikasimama, nikasema nilimwona Anyimike akirudi peke yake mchana kutoka shambani.

Hapo usifikiri niliteleza. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hiyo ulikuwa na akili zake zote. Niliogopa wangenipiga mawe. Niliogopa kwa ajili yako pia, maana nilikuwa nimekwisha kukujua tumboni. Watu walipiga kelele, mama wa baba yako akamrukia Anyimike akamng'oa yale majani usoni pamoja na ngozi. Kabla ng'ombe hawajatajwa, habari zilikuwa zimefika kwa Wadachi, askari wakaja wakamchukua. Alipigwa viboko ishirini na tano pale boma lile la kwanza la pwani, kisha akatiwa mnyororo.

Nilirudi kwetu, tumbo likaonekana, nikakuzaa hapa kati ya vyungu. Ulikuwa bado unanyonya siku waliyopita. Nilikuwa majini nakanda udongo, wewe mgongoni. Walikuja wafungwa kumi na mbili wameunganishwa shingo kwa shingo, wamebeba mawe vichwani, na askari nyuma. Wa nne alikuwa Anyimike. Shavu lilikuwa limepona vibaya, limevuta mdomo upande mmoja. Akaniona, akasimama, mnyororo ukawakaba wenzake wote.

"Bupe," akasema. "Sikubomoa. Nani alibomoa?"

Askari alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Akaanguka na jiwe lake, akawavuta wawili wakaanguka juu yake, na askari akaendelea kumpiga pale chini, mgongoni, kichwani, kwa kitako na kwa buti. Meno alitema majini. Maji mekundu yakaja mpaka miguuni kwangu, mahali palepale pa vichuguu. Alipoinuka bado alikuwa ananitazama, anangoja. Mimi nikainama nikaendelea kukanda udongo. Udongo ule nilifinyanga vyungu sita, na nikaviuza.

Alifungwa miaka. Misheni walipokuja nikajifunza kusoma, nikabatizwa. Mwalimu alituambia tutaje dhambi zetu. Nilitaja pombe, nilitaja hirizi, nilitaja kumtukana jirani, mpaka mwalimu akaniambia inatosha. Lile sikulitaja. Wale majike wa samaki hukaa na mdomo uliojaa wiki tatu. Mimi nimekaa na langu tangu kabla hujazaliwa, na limekuwa likila humo humo.

Na siku ya jiwe unaikumbuka, ulikuwa na miaka saba. Alikuja mtu mchafu, mdomo umepinda, hana meno ya mbele, anachechemea, amebeba mkungu mmoja wa ndizi. Alikuwa ametoka kifungoni na kuja moja kwa moja hapa. Alisimama pale kwenye tanuru, akauweka mkungu chini, akasema, "Nimekuja kumwona mtoto wa Lusekelo." Nilichomoa kuni iliyowaka motoni nikamfuata nayo. Nilipiga kelele nikimwita muuaji, watu wote wakatoka. Ukaokota jiwe wewe, ukamrushia, likampasua paji la uso. Alipangusa damu kwa kiganja, akakutazama, na unajua alisema nini? Kelele zilikuwa nyingi, hukusikia. Alisema, "Ana mkono wa Lusekelo." Kisha akanigeukia mimi akaniuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Nani alibomoa, Bupe?"

Nikamrushia kuni ile. Na wewe nikakusifu, nikakupa mnofu mkubwa wa samaki jioni ile. Toka siku hiyo nikawa nakuimbia wimbo wangu kwa sauti zaidi, kwa sababu alikuwa huru na angeweza kukwambia. Mkuki ulio kwenye paa leo nilianza kukunolea tangu hapo.

Basi sasa umejua. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo niliyokubebea mgongoni.

Sikuombi umsamehe Anyimike, hana kosa la kusamehewa na wewe. Alikatwa uso na ndugu aliyempenda, akamuua ndugu yake huyo kwa mkono wake, akafungwa kwa uongo wangu, akapigwa jiwe na mtoto aliyekuja kumwona. Kama utamchoma mkuki kesho, utakuwa umemwendea jirani, nami nitakuwa nimesimama majini na fimbo yangu kwa mara ya pili. Nakuambia wazi, siwezi kuona hivyo tena. Mimi kusamehewa ni shauri lako, na jambo hilo siliombi kwa karatasi.

Una hasira za baba yako na ulimi wangu, ni mzigo mbaya, sijui nikushauri nini juu yake. Najua kitu kimoja tu nilichokipata kwa bei ya watu wawili. Siku utakayokuta ukuta wako chini, keti kwanza. Keti kabisa, matako ardhini, hata watu wakucheke. Baba yako angeketi muda wa kumenya ndizi moja, huenda ningesema. Nasema huenda. Sijisifu.

Barua hii naifunga kwenye mpini wa mkuki, ndani ya magome yako ya mgomba, kwa sababu najua kesho kabla ya kuondoka utaanza kwenda pale. Jioni ya leo ukirudi kutoka kwa bibi usiponikuta, jirani atakuambia nimekwenda kuchimba udongo na nitalala huko. Nimemdanganya. Huo ndio uongo wangu wa mwisho, nimeuhitaji nipate kutangulia nusu siku, maana miguu yangu si kama yako.

Nimekwenda Makwale. Aliniuliza mara mbili, na leo nakwenda kumjibu, yeye na wazee wowote atakaowaita, na watakalonifanyia watanifanyia. Nimebeba chungu kimoja, kizima. Nimekigonga mwenyewe nikasikiliza, hakina ufa.

Ukija na mkuki, njoo nao. Hutahitaji kuuliza nyumba ni ipi. Nitakuwa nimekaa mlangoni kwake, mimi mbele, yeye nyuma yangu.

Mama yako,
Bupe